Askari Anapopiga Hodi Chuoni

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Ndagoni, Mafia

Mwalimu wa darasa, naomba uandike ubaoni maneno manne kabla sijaendelea: HATI. UPEKUZI. SHAHIDI. STAKABADHI. Kila mwenye daftari ayaandike. Tutayasoma moja moja wakati wake ukifika.

Somo la leo ni juu ya askari polisi wanapoingia chuo kikuu. Najua mmoja wenu atauliza: Sisi kazi yetu ni bahari na minazi, chuo kikuu kinatuhusu nini? Kinakuhusu, ndugu yangu, kwa sababu mtoto wako yuko huko, au wa dada yako, au wa jirani uliyechanga naye nauli. Na iko siku simu italia usiku: "Baba, askari wamekuja bwenini, wanataka kupekua chumba chetu." Wewe uko Ndagoni. Lazima ufike Kilindoni, ungoje chombo, uvuke mpaka Nyamisati, ndipo ushike njia ya Dar es Salaam. Huwezi kumfikia usiku ule. Unachoweza kumpa ni neno tu. Neno hilo likiwa zuri, mtoto atatulia. Ukimwambia "Kimbia!" au "Wazuie mlangoni!", umemzidishia taabu.

Basi tujifunze neno la kumwambia.

Kwanza tuulize: Je, askari anaruhusiwa kuingia chuo kikuu? Wako vijana wanaoamini kwamba hana ruhusa. Huko Ugiriki ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Tarehe 17 Novemba 1973, wakati nchi ile ikitawaliwa na wanajeshi, kifaru kilivunja lango la chuo kikuu kimoja mjini Athens ambamo wanafunzi walikuwa wamejifungia. Watu wa Ugiriki hawakusahau. Mwaka 1982 wakatunga sheria ya kuwazuia polisi wasiingie vyuoni ila kwa ruhusa. Sheria hiyo ilibishaniwa sana, na mwaka 2019 bunge lao likaiondoa. Kwetu Tanzania haijapata kuwapo sheria kama hiyo. Chuo kikuu ni sehemu ya nchi kama Ndagoni ilivyo sehemu ya nchi. Mwizi akikimbilia chuoni, polisi watamfuata.

Lakini kuna njia mbili za kuingia nyumba. Kuna kuingia kwa mlango, na kuna kuingia kwa kuruka ukuta. Mlango wa polisi ni sheria. Hilo ndilo nitakaloeleza leo.

Nitawapa kisa cha kweli. Wazee mnaukumbuka mwaka 1971. Mwishoni mwa mwaka 1970 Rais Nyerere alitaja wilaya chache alizotaka zifute kabisa ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka 1971 kwisha. Mafia ilikuwa mojawapo, pamoja na Ukerewe. Mwaka ule watu wa kisiwa hiki waliingia darasani wakiwa na mvi, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Basi mwaka huo huo, mwezi wa Julai, wakati watu wa Mafia wanajifunza kuandika majina yao, huko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na ghasia iliyotokana na barua.

Kiongozi wa wanafunzi wakati huo alikuwa kijana kutoka Kenya, Symonds Akivaga. Chama chao kiliitwa DUSO. Akivaga aliandika barua ya wazi kwa mkuu wa chuo, akiukosoa uongozi. Chuo kikaona amevunja heshima, kikaamua aondoke. Pengine jambo lingeishia katika vikao, wakubwa wakisema lao na vijana wakisema lao. Lakini walikuja askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, FFU, wakiwa na silaha. Wakamchukua mbele ya wenzake, na akarudishwa Kenya.

Nini kilifuata? Wanafunzi walisusa masomo. Wakafanya mikutano, na baadhi ya walimu wakasimama upande wao. Jambo lililokuwa baina ya kijana mmoja na ofisi moja likawa la chuo kizima. Mimi naona kosa kubwa la siku ile lilikuwa bunduki, kuliko barua. Barua hujibiwa kwa barua. Ukiijibu kwa bunduki, hata yule ambaye hakuipenda barua atamwonea huruma aliyeiandika.

Tusidhani kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa jinsi lilivyopangwa kwao. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400 warudi kwao, na hapo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe. Tarehe 5 Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Polisi wakawatawanya, na zaidi ya 300 wakafukuzwa chuoni. Huko Nairobi, tarehe 10 Februari 1985, askari waliwavamia wanafunzi waliokusanyika uwanjani kwa sala, na damu ikamwagika. Na tarehe 28 Septemba 2017, katika chuo kile kile cha Nairobi, askari waliingia mpaka madarasani na mabwenini wakiwapiga vijana kwa virungu. Safari hii wanafunzi walikuwa na simu zenye kamera, na nchi nzima ikaona.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi askari ni adui. Kumbukeni Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku ile wazazi hawakulalamika kwamba askari wameingia chuoni. Walilalamika kwamba kikosi maalumu kilichelewa mno kufika. Kwa hiyo yule askari unayemwogopa leo, kesho unaweza kumlilia aje upesi. Tunachotaka ni kwamba akija, aje kwa njia yake.

Haya, turudi ubaoni. Someni pamoja neno la kwanza: HATI.

Hati ni karatasi ya amri au ya ruhusa. Polisi wanaweza kuja na karatasi za namna tatu, nazo hazifanani kazi. Ya kwanza ni hati ya wito, wengine huiita samansi. Hiyo inakuambia ufike mahali fulani siku fulani. Haimruhusu mtu kuingia chumbani kwako. Ya pili ni hati ya kukamata mtu, nayo ina jina la anayetakiwa. Ya tatu ni hati ya upekuzi.

Someni neno la pili: UPEKUZI. Upekuzi ni kutafuta kitu katika nyumba, chumba, chombo au mfukoni mwa mtu.

Ili mjizoeze, mwalimu wenu asome mfano huu, nanyi mfuate kwa kidole. Si fomu ya serikali, nimeuandika kwa ajili ya somo tu:

"Mimi, Mkuu wa Kituo cha Polisi cha ………, ninamruhusu askari ……… aingie katika chumba namba ……… cha bweni ………, atafute ……… . Tarehe ……… . Sahihi ……… . Muhuri."

Mmeona? Maneno machache tu. Mtu aliyemaliza kitabu cha kwanza cha kisomo anaweza kuyasoma. Tazama jina la mahali. Kama karatasi inasema chumba namba 12, chumba namba 14 hakimo. Tazama kinachotafutwa. Tazama tarehe. Tazama sahihi ni ya nani.

Hapo kwenye sahihi nataka tukae kidogo, maana siku hizi vijana wanapokea mashauri mengi kwa simu kutoka kwa ndugu walioko Marekani. Huko Marekani, mwezi wa Januari 2025, serikali iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji wasikamate watu ovyo katika shule, vyuo, makanisa na misikiti. Vyuo vingi vikawaambia wafanyakazi wao: Afisa akija, mpelekeni ofisini, na mtazame kama karatasi yake imetiwa sahihi na hakimu. Huko, karatasi iliyotiwa sahihi na maofisa wa uhamiaji wenyewe haifungui chumba kilichofungwa. Shauri hilo ni zuri kwa Marekani. Kwetu ni tofauti. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi mwenyewe kutoa ruhusa ya maandishi ya kupekua. Kwa hiyo mwanao akimwambia askari wa Dar es Salaam, "Sifungui mpaka nione sahihi ya hakimu," huenda anakosea, na kukosea kwake kunaweza kumgharimu. Mwambie asichukue nguo ya mtu mwingine akaivaa kabla hajaipima.

Tena kuna dharura. Kama jambo ni zito na la haraka, kama mtu anataka kudhuriwa au ushahidi unataka kupotea, sheria inamruhusu askari kupekua bila karatasi. Hapo mwanao atafanya nini? Atauliza kwa adabu: "Afande, ni dharura gani?" Akijibiwa asijibiwe, akumbuke saa na maneno. Asizuie kwa mwili wake.

Na hapa desturi yetu ya pwani inaweza kutupoteza. Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka. Askari mwenye hati si mgeni wa namna hiyo. Usipomfungulia baada ya kukuonyesha hati, sheria inamruhusu avunje mlango. Kwa hiyo fungua. Lakini kwanza soma.

Kuhusu saa, hati ya upekuzi iliyotolewa na mahakama hutumika tangu jua kuchomoza mpaka jua kutua, isipokuwa mahakama imeruhusu wakati mwingine. Na kama anayepekuliwa mwilini ni mwanamke, anayempekua lazima awe mwanamke, tena kwa staha. Akina mama, hilo liwekeni moyoni, na mwambieni binti yenu kabla hajapanda boti. Asione haya kusema: "Naomba askari wa kike."

Neno la tatu: SHAHIDI. Chuoni shahidi hapatikani kwa shida, maana vyuo vina msimamizi wa bweni, walinzi, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Hao ndio wenyeji. Askari akimkuta mwanafunzi njiani akamwuliza, "Fulani analala chumba gani?", mwanafunzi ajibu kwa heshima: "Afande, twende kwa msimamizi wa bweni." Huko si kuficha. Mwanafunzi si mwenye daftari la vyumba, wala mlinzi wa mlangoni hana mamlaka ya kufungua chumba cha mtu. Ofisi inaweza kusoma hati, kupiga simu kituoni kuuliza kama kweli askari hao wametumwa, na kumtoa mtu wa kusimama pale upekuzi unapofanyika. Matapeli waliovaa mavazi ya polisi hawapendi simu hiyo.

Lakini mtoto asiseme uongo. Asiseme "Hayupo" na ilhali yupo. Asitupe kitu dirishani, asivunje simu, asikimbie. Mambo hayo yanaweza kuwa kosa jipya, hata kama lile la kwanza halikuwapo.

Neno la nne: STAKABADHI. Kila kitu kinachochukuliwa lazima kiandikwe. Kama ni simu, iandikwe simu. Kama ni kompyuta, iandikwe kompyuta. Tangu ilipotungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, vitu hivyo vinaweza kuchukuliwa kwa sababu ya maneno mtu aliyoyaandika humo. Askari anayechukua mali anatakiwa atoe stakabadhi, na mwenye chumba atie sahihi, na mashahidi watie sahihi.

Wasikilizaji, hapa ndipo nilipotaka kufika, maana hili linawahusu ninyi wenyewe kuliko mtu wa chuo. Zamani mtu asiyejua kusoma aliletewa karatasi, akashikwa mkono, akapigishwa dole gumba. Hakujua kama ameandikiwa kuku mmoja au ng'ombe kumi. Leo wewe unasoma. Lakini nimewaona wasomi wa chuo kikuu wakitia sahihi karatasi ambayo hawakuisoma, kwa sababu mikono inatetemeka. Mtu huyo na yule wa dole gumba wana tofauti gani? Mwambie mwanao: Soma mstari kwa mstari. Kama vitu vilivyochukuliwa ni viwili, kusiwe na nafasi tupu chini ambapo cha tatu kinaweza kuandikwa kesho. Piga mstari katika nafasi hiyo. Kama kuna neno si kweli, sema si kweli kabla hujatia sahihi.

Na kama anachukuliwa yeye mwenyewe? Ana haki ya kuambiwa anakamatwa kwa kosa gani. Atakapohojiwa, anawajibika kutaja jina lake na mahali anapokaa; maswali mengine anaweza kusema atayajibu akiwa na mwanasheria. Ana haki ya kuomba ndugu au rafiki apewe habari. Mahojiano yamewekewa muda wa saa nne, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu. Kwa makosa mengi, anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au aachiwe kwa dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi hata senti. Je, mambo haya hufuatwa kila siku? Hapana, hayafuatwi kila siku. Lakini mtu anayeyajua huombwa radhi mapema kuliko asiyeyajua.

Rafiki zake nao wana kazi. Kazi yao si kukusanyika na kurusha mawe. Mkutano wa usiku wenye kelele ndio unaoita FFU. Kazi yao ni kuuliza swali moja: "Mnampeleka kituo gani?" Waandike jibu. Waandike namba ya gari na saa. Mmoja aende kwa mshauri wa wanafunzi, mmoja afuate mpaka kituoni, mmoja apige simu nyumbani. Ukiwa Ndagoni ukapigiwa simu, nawe usianze kulia kabla hujauliza kituo gani. Mtu akijulikana alipo, amepona nusu.

Labda mtu wa Ndagoni ataniambia: Mwalimu, mimi sina mtoto chuoni, nina mtumbwi tu. Vema. Sheria hiyo hiyo ya hati, ya shahidi na ya stakabadhi ndiyo inayofuata nyumba yako. Askari wakija kutafuta kitu chumbani mwako, chukua maneno yote niliyosema, mahali pa msimamizi wa bweni muweke mwenyekiti wa kitongoji, na mahali pa chumba namba 12 uweke nyumba yako. Somo ni lile lile.

Sasa kazi ya wiki hii. Kila mwenye mtoto au ndugu chuoni ampigie simu kesho, si siku ya taabu. Amwulize mambo matano, na ayaandike kwa mkono wake mwenyewe daftarini: jina la bweni, namba ya chumba, namba ya simu ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kituo cha polisi kilicho karibu, na jina la rafiki mmoja. Ukurasa huo aunakili mara mbili. Mmoja abaki nao, mmoja ampe jirani anayejua kusoma. Asiye na mtoto chuoni anakili ule mfano wa hati, ajaze nafasi tupu kwa jina la kitongoji chake, kisha aje ausome darasani kwa sauti.

Mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi maswali haya: Hati ya wito na hati ya upekuzi zina tofauti gani? Nani anaweza kutia sahihi ruhusa ya kupekua hapa Tanzania? Ukipewa karatasi ya vitu vilivyochukuliwa na ina nafasi tupu chini, utafanya nini? Majibu yenu yaandikwe, tutayasoma kipindi kijacho. Kwaherini, na wale wa doria ya usiku baharini, Mungu awarudishe salama.